Likizo Niliyoifupisha

Yeoville, Johannesburg, Jumatano, 6 Desemba 2017

Shule imefunga leo. Nimeona kila kitu kutoka kitandani, maana dirisha langu linatazama lango lake, ng'ambo ya barabara. Joël alisimama pale akiagana na watoto mmoja mmoja, akiwagonga viganja kama wachezaji wa mpira. Enzi zangu walitoka kwa mistari, darasa baada ya darasa, wakiimba. Leo wametoka kama maharagwe yaliyomwagika.

Naandika kwa sababu Padri alikuja jana na mafuta ya wagonjwa, nami nikamwomba asubiri. Moyo umechoka, miguu imevimba hadi magotini, na daktari ameacha kunipangia tarehe za mbali. Padri akasema, "Basi andaa maungamo yako, Mwalimu. Nitarudi baada ya mwaka mpya." Sijawahi kuingia darasani bila kuandaa somo kwa maandishi. Kwa hiyo naandaa.

La kwanza: nina wivu na Joël.

Shule hii niliianzisha mimi, katika ukumbi wa nyuma wa kanisa, kwa ajili ya watoto wa Wakongo wenzangu ambao hawakuwa na pengine pa kusoma. Joël nilimpokea akiwa kijana mgeni kutoka Uvira, hajui hata kushika chaki. Nilipoanguka mwezi wa nne nilimkabidhi funguo. Nilidhani ananishikia tu. Sasa wazazi wanamwita Direkta. Mimi wananiita Mzee.

Alhamisi, 7 Desemba

Asubuhi Victorine alipita kuaga. Yeye ni mlinzi wa usiku katika ofisi moja ya Braamfontein, na ana watoto wawili shuleni, Chloé na mdogo wake wa kiume. Leo wanapanda basi kwenda Likasi, kule Kongo, kumwona mama yake, ambaye anaumwa na hajawahi kuwatia machoni wajukuu hao. Célestine, mpwa wangu anayenitunza, alikuwa anawapima watoto sare za mwaka ujao. Cherehani yake iko sebuleni, kwa hiyo kila mzazi hupita hapa.

"Direkta, tunaenda," Victorine aliniambia. Yeye bado ananiita hivyo. "Mama akiona hawa batoto, labda atapata nguvu."

"Msalimu sana."

"Nitamsalimu. Kila wiki namwambia habari yako kwa simu. Anakujua we kuliko anavyojua mapadri ba kule."

Chloé aliinama kando ya kitanda changu akasema, "Bye, Mkhulu," kama wanavyomwita babu watoto wa Kizulu anaocheza nao. Nilijifanya kukasirika, naye akacheka. Anajua sikasiriki.

Jioni akaja Joël, na pichi kwenye mfuko. Akaketi mwisho wa kitanda.

"Mzee, nimekuja kukuambia wewe kwanza, kabla sijatuma kwenye kundi la wazazi."

Kamati imekubali. Shule itafunguliwa tarehe 17 Januari, siku moja na shule za serikali, si tarehe 8 kama ilivyokuwa siku zote. Na masomo yataanza saa mbili na nusu asubuhi, si saa moja na nusu.

"Na wanaochelewa?"

"Wataingia, wakiwa wamechelewa."

"Na asiyefika siku ya kwanza?"

"Kiti chake kitamngoja."

Kwangu mimi asiyefika siku ya kwanza alipoteza kiti, akapewa mwingine aliyekuwa akisubiri nafasi. Ndivyo nilivyoijenga shule hii. Nikamuuliza kwa nini saa mbili na nusu, kwani watoto wamegeuka wafalme?

"Nusu ya wazazi wetu wanalinda usiku, Mzee. Wanatoka kazini saa kumi na mbili, ndipo watafute taxi. Mtoto anajivalisha mwenyewe, anakuja peke yake. Wakati wa baridi bado ni giza."

"Miaka yote hiyo hakuna aliyelalamika."

Alicheka, wala si kwa ubaya. "Kwako wewe nani angethubutu?"

Alipoondoka nilikula pichi zote kwa hasira. Zilikuwa tamu.

Jumamosi, 9 Desemba

Radi tangu saa tisa alasiri. Miguu mibaya.

Jumanne, 12 Desemba

Joël amefungua ukumbi wakati wa likizo ili watoto wasizurure mitaani. Makelele tangu asubuhi. Mama mmoja alimpelekea sufuria nzima ya sombe, majani ya muhogo ya kwetu, nikaiona inavuka barabara imefunikwa kitambaa cheupe. Nimewafundisha watoto watatu wa mama huyo. Sombe haijawahi kuvuka kuja upande huu.

Jumatano, 20 Desemba

Célestine ananiletea habari za wateja wake kama redio. Jacques, mlinzi anayefanya kazi na Victorine, alikuja kuchukua kaptula za mwanawe akasema, "Mwaka ujao nitaoga kwanza ndiyo nimpeleke mtoto. Sitanuka tena usiku mzima mbele ya walimu." Wote sebuleni wakacheka.

Hivi walikuwa wakiona haya mbele yangu? Nilikuwa nikisimama langoni na saa mkononi, nikidhani wananiheshimu.

Jumatatu, 25 Desemba

Joël alikuja na mkewe na gitaa. Nilijifanya nimelala. Akaimba kwa sauti ya chini ili asiniamshe.

Jumamosi, 30 Desemba

Mvua ya mawe, kubwa kama mayai ya njiwa. Vioo vya darasa la mbele vimepasuka vyote, nikavisikia kimoja baada ya kingine. Niandike ukweli: nilifurahi. Nilikaa hapa na shuka hadi kidevuni, nikiwaza, sasa tuone.

Jumapili, 31 Desemba

Baada ya misa walikuja wanaume wengi, na ngazi, na vioo vipya. Hadi saa kumi kazi ilikuwa imekwisha. Walikuwa wakitaniana muda wote. Mimi paa lilipovuja, niliwaandikia wazazi barua za onyo, na paa likavuja mwaka mzima.

Jumanne, 2 Januari 2018

Leo nimefanya jambo, na nataka liandikwe kabla sijalipamba.

Célestine alishuka spaza, kile kiduka cha chini, kununua mkate akaacha simu juu ya cherehani. Ikaita, ikakata, ikaita tena. Nilijikokota nikishika ukuta. Namba ilikuwa ya Kongo.

"Célestine?"

"Hapana, ni mimi."

"Direkta! Bonne année." Victorine huyo, anapiga kelele kama watu wanaopiga simu kutoka mbali.

"Nawe pia. Mama anaendeleaje?"

"Anakula kidogo. Jana alikaa kitako, akamsuka Chloé nywele. Mikono inatetemeka lakini akamaliza kichwa kizima." Kisha akashusha sauti. "Direkta, simu yangu ya huko haishiki hapa, hii ni ya kaka. Niko nauliza kitu kimoja tu. Masomo inafungua ile ile tarehe? Kazini bananingoja tarehe kumi na sita. Nilitaka kubakia na Mama mpaka karibu na hiyo siku. Lakini nikakumbuka viti vya batoto."

Hapo ndipo ningesema kumi na saba. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Tarehe nane," nikasema. "Saa moja na nusu. Unanijua."

"Nakujua, Direkta."

Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu akikohoa.

"Basi, njo vile," akasema. "Tutapanda basi ya Alhamisi."

Nilirudisha simu mahali pake. Célestine aliporudi sikumwambia kitu.

Nilitaka nini? Nilitaka mama mmoja, mmoja tu, asimame tarehe nane mbele ya lango lililofungwa, watoto wamevaa sare, aulize kwa sauti mtaa mzima usikie: Direkta yuko wapi? Nilitaka Joël atoke na uso wa usingizi. Nilitaka pia, na hili ni dogo zaidi na la aibu zaidi, pawe na nyumba moja Johannesburg inayofuata bado saa yangu. Kuhusu yule mgonjwa wa Likasi, nilimfikiria. Nilimsogeza pembeni kama mtu anavyosogeza kiti ili apite.

Ijumaa, 5 Januari

Padri alikuja. Nikamwambia sijawa tayari. Akatazama miguu yangu, kisha akanitazama mimi. "Usichukue muda mrefu," akasema. Wakati huo Victorine yuko njiani, mahali fulani Zambia.

Jumatatu, 8 Januari

Mvua tangu alfajiri, ile nyembamba isiyo na radi.

Saa moja na dakika kumi wakatokea kwenye robot, pale penye taa za barabarani, wote watatu chini ya kanga moja. Victorine alisukuma lango. Mnyororo. Akatazama ndani kupitia mwanya, akatazama barabara, kama mtu anayedhani amekosea mtaa. Hakupiga kelele. Hakuuliza Direkta yuko wapi. Alibonyeza kengele mara moja tu, kwa adabu, na watoto wakakaa kwenye kizingiti.

Joël anaishi nyuma ya ukumbi. Alitoka na kaptula na mwavuli, na kabla ya neno lolote akawafunika watoto kwa huo mwavuli, yeye akalowa. Nikaona wanazungumza. Nikaona anatikisa kichwa. Kisha wote wawili wakainua macho kwenye dirisha langu.

Nilivuta pazia.

Célestine aliingia nusu saa baadaye. "Mjomba, ulimwambia Victorine tarehe nane?"

"Nilimwambia."

"Si Joël alikuja hapa mwenyewe akakuambia kumi na saba?"

"Nilisahau."

"Mjomba."

"Nimesahau, Célestine. Ni uzee. Kichwa kinavuja."

Aliniamini, na uso wake ukalegea kwa huruma. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, huruma sikuitazamia.

Mchana akaja Victorine mwenyewe, macho mekundu kwa safari. Nilidhani atanigombeza. Alinishika mkono. "Usijisumbue. Hata mimi ningesahau. Mama nilimwacha anaongea vizuri, nitarudi Pasaka." Akanivutia shuka vizuri. "Pole, Mzee."

Mzee. Wa mwisho naye amekwenda upande ule.

Jioni Joël aliniletea kalenda kubwa, akaipigilia ukutani mbele ya kitanda. Tarehe 17 ameizungushia duara jekundu. "Ili usihangaike," akasema.

Alhamisi, 11 Januari

Mama yake Victorine alifariki jana usiku. Wanazika kesho. Hakuna basi litakalomfikisha Victorine kwa wakati.

Ijumaa, 12 Januari

Hakuna anayenilaumu. Sebuleni wanasema, "Mzee wa watu, akili imekwenda," na cherehani inaendelea. Wanaongea nami polepole, kwa maneno mafupi, kama na mtoto wa chekechea. Célestine ameniuliza leo ni siku gani, na nilipojibu sawa akanisifu.

Nimelala nikitazama lile duara jekundu. Naweza kufa hivi, nikiwa mzee aliyesahau. Kitanda kimeshatandikwa, ni kujilaza tu. Lakini siwezi, na nikiandika kwamba ni dhamiri peke yake inayonizuia nitakuwa nadanganya tena. Ni kiburi pia. Afadhali wajue mimi ni mbaya kuliko wadhani nimechakaa. Joël mwenye akili, Joël mwenye huruma, na mimi ninayepigiliwa kalenda.

Basi vyote viwili vinipeleke, dhamiri na kiburi. Nimemwambia Célestine nataka kwenda kwenye matanga Jumapili.

Jumapili, 14 Januari

Victorine anakaa Berea, ghorofa ya sita, na lifti ya jengo lile imekufa zamani. Joël na Jacques walinikalisha kwenye kiti cha jikoni, wakanibeba. Kila ghorofa walipumzika. Ya tatu shati la Joël lilikuwa limelowa jasho.

"Mzee, mwili umekonda lakini wewe mzito," Jacques alisema. "Ni zile kanuni zote. Bado ziko ndani."

Joël alicheka. Nilikaribia kucheka na mimi, na hapo nikaogopa. Nilijua kwamba nikifika juu tukiwa tunacheka hivi, nitatoa pole, nitakunywa chai, nitashushwa.

Chumbani wanawake walikuwa wameketi kwenye magodoro, picha ya marehemu iko kwenye simu iliyoegemezwa kwenye mshumaa. Kila mara simu ilipotaka kuzima, Chloé aliigusa kwa kidole. Waliniweka karibu na Victorine. Wimbo ulipokwisha nikasema, "Victorine, sikusahau."

"Nini, Mzee?"

"Tarehe. Joël aliniambia mwezi wa kumi na mbili, kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilijua ni kumi na saba siku ile uliponipigia. Nilikuambia nane kwa sababu namwonea wivu huyu aliyenibeba. Nilitaka lango limwaibishe."

Mama mmoja pembeni akasema, "Amechanganyikiwa huyu, mumpe maji."

"Sijachanganyikiwa, mama. Leo ni Jumapili, tarehe kumi na nne. Akili ninayo. Ndiyo ubaya wenyewe."

Niliogopa kumtazama Joël, nikatazama mikono ya Victorine. Alikuwa ameshika kifundo cha mkono wake mwenyewe.

"Siku tunaondoka, Mama alinishika hivi," alisema. "Akaniuliza, 'Unakimbilia nini?' Nikamwambia, Direkta amesema tarehe nane." Akabana kile kifundo mpaka vidole vikawa vyeupe. "Akaniachia. Akasema, 'Kama ni Direkta, basi nenda.' Unasikia? Aliniachia mwenyewe. Kwa sababu ya jina lako."

Nilimwomba msamaha. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu anayesoma tangazo.

"Usiniombe leo," akasema. "Leo nikikupa, nitakupa tu ili bakushushe, tuendelee na matanga. Tarehe kumi na saba nitapita na batoto chini ya dirisha lako. Nikikusalimu, utajua. Nisipokusalimu, usimtume mtu kuniuliza."

Wimbo ukaanza tena. Ilipofika wakati wa kushuka, Jacques alibaki ameketi, akitazama sakafu. Joël alingoja kidogo, akazungusha macho chumbani, hakuna aliyeinuka. Basi akapiga goti mbele yangu akageuza mgongo. "Shika shingo, Mzee."

Alinishusha ghorofa zote sita mgongoni. Moyo wangu ulikuwa ukigonga kwenye uti wa mgongo wake, lazima aliusikia. Kwenye ghorofa ya tatu nikashindwa. "Joël, sema kitu."

"Natafuta ngazi kwa mguu, Mzee," alisema. "Nikisema, nitakuangusha."

Jumatatu, 15 Januari

Padri amekuja, nimemsomea. Amenisamehe upesi mno. Mungu wake ni mwepesi kuliko Victorine, na mimi namwamini Victorine zaidi.

Jumanne, 16 Januari

Pumzi fupi. Célestine anashona bila kunisemesha. Joël hajaja. Ninamkosa, na bado namwonea wivu. Sikujua vinaweza kukaa kitanda kimoja. Kesho niwe hai hadi saa mbili na nusu. Zaidi ya hapo siombi.

Jumatano, 17 Januari

Célestine alinikalisha dirishani mapema, akaniwekea mto mgongoni. Nilimwomba saa ya mezani ya sebuleni pia, ikae kando ya ile ya ukutani. Mvua imekatika. Barabara inang'aa.

Saa moja na nusu, saa yangu, hapakuwa na mtu. Lango lilikuwa wazi na Joël anafagia maji yaliyotuama. Hakutazama juu. Nilifikiri juu ya asubuhi zote za baridi nilizosimama pale, na watoto waliotoka gizani wakikimbia peke yao, na jinsi nilivyokuwa nikihesabu kukimbia kwao kuwa ni nidhamu.

Karibu na saa mbili wakaanza kuja, na wazazi wao. Sikuwahi kuona wazazi wengi hivi asubuhi. Jacques alikuwa ameoga, na shati safi, amemshika mwanawe begani. Mama wa sombe alikuwa akila andazi huku anatembea. Walisimama langoni wakapiga gumzo na Joël, na wengine walimwita Direkta, na kila mara likanichoma, leo kama Desemba. Siwezi kuandika kwamba wivu umekwisha. Padri ameshauondoa, nao umerudi.

Kisha nikamwona Victorine. Alikuwa bado na sare ya ulinzi, kipande cha kitambaa cheusi kimebandikwa kwa pini kifuani. Chloé alikuwa na misuko ile ya bibi yake, imeanza kufumuka pembeni. Célestine alishaniambia kwamba mtoto amekataa ifumuliwe. Walikuja upande huu wa barabara. Wangeweza kupita ule.

Wakasimama chini ya dirisha. Chloé aliinua macho, akainua mkono, kisha akamtazama mama yake na kuushusha.

Victorine hakunisalimu. Alikuwa anatazama lango. Hakuniita Mzee, hakuniita Direkta. Mkononi alikuwa na saa yake ya kazi, ile kubwa nyeusi.

"Ni saa ngapi?" akauliza.

Nilitazama saa ya ukutani. Nilitazama ya mezani. Nikarudi tena kwenye ile ya ukutani, maana nilitaka niwe na hakika.

"Saa mbili na dakika kumi na mbili," nikasema. "Mna muda."

Akatikisa kichwa kukubali. Akawashika watoto mikono, wakavuka barabara taratibu, bila kukimbia.